Mikono ya Bi Mwaija

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu walioshiba wanaotaka kulala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko nami. Wewe pale, acha kujikuna, sogea karibu. Hapo kale, kale ile ambayo hata aliyenisimulia alisimuliwa, palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto. Watu wake walilima mpunga. Walikula mpunga, walioa kwa mpunga, waligombana kwa sababu ya mpunga. Muhogo waliujua kwa jina tu.

Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, akiitwa Bi Mwaija. Kazi yake ilikuwa kuchagua mbegu. Msigunegune, haikuwa kazi ndogo. Baada ya mavuno kila nyumba ilimpelekea kikapu cha mpunga. Yeye alikaa uwanjani, ungo magotini, akachagua. Punje nzuri huku, punje mbovu kule. Chwa, chwa, chwa. Mvua za kwanza zikikaribia, mbegu ziligawiwa, na kila nyumba ikapanda kile alichokichagua Bi Mwaija.

Na kazi hiyo ilikuwa na desturi yake. Mbegu zilichaguliwa juani. Si chini ya mti, si barazani, si ukumbini. Juani, peupe, bila hata jani la kujifunika. Kwa nini? Kwa sababu kivulini punje tupu na punje iliyojaa ni mtu na pacha wake, huwezi kuzitenga. Kidoa kidogo cha ugonjwa nacho hukioni. Bi Mwaija alipokea ungo kwa mama yake akiwa msichana. Akakaa juani. Akaolewa, akakaa juani. Akafiwa na mume, akakaa juani. Watu walipopita walimwambia, "Bi Mwaija, pumzika." Naye aliwajibu, "Nikipumzika mimi, mtapanda makapi."

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja mpunga uliugua.

Ulianza kwa majani. Majani yakatoka madoa. Madoa madogo, ya kahawia, ya mviringo. Leo jani moja, kesho shamba zima. Masuke yalipotoka, punje nazo zina madoa. Ukiivunja punje, ndani vumbi. Watu wakavuna kidogo, na hicho kidogo wakakitazama kwa mashaka. Kijiji hakikutulia tena. Mtu aliyekwenda shamba aligeuka njiani. Mtu aliyekaa kula aliinuka na tonge mkononi. Kwa nini? Wakaulizana. Kwa nini? Hakuna aliyejua.

Palikuwa na bwana mmoja, Mfaume. Huyu Mfaume alijaliwa sauti. Sauti ya kutosha kijiji kizima alipewa yeye peke yake. Shamba lake ndilo lililoharibika kuliko yote. Basi akapeleka kikapu chake kwa Bi Mwaija, uso umemkunjamana. Bi Mwaija akanyoosha mikono kukipokea. Mfaume akaitazama mikono ile. Akatazama mpunga. Akaitazama mikono tena.

Madoa. Madogo, ya kahawia, ya mviringo. Yalikuwa yametapakaa migongo ya viganja, yamepanda mpaka kwenye viwiko, na mengine yamekaa mashavuni na kwenye paji la uso.

"Toba!" Mfaume akapiga ukelele. "Ndiyo haya! Jamani, njooni! Madoa ya mpunga yametoka mikononi mwa mtu!"

Wakaja mbio. Wakatazama. Wakashika vinywa. Na jamani, madoa yale Bi Mwaija alikuwa nayo miaka na miaka. Alimpa huyu maji kwa mikono ile, akampokea yule mtoto kwa mikono ile, na hakuna aliyestuka. Siku hiyo kila mtu akaapa kwamba ndiyo kwanza anayaona.

Mbiu ikapigwa. Baraza likakaa mbele ya Jumbe Mwinyikai. Jumbe alikuwa mtu mwema, lakini kelele zilimtisha kuliko simba.

"Bi Mwaija," akauliza, "madoa haya ni nini?"

"Ni jua, Jumbe."

"Jua linatupiga sote."

"Linawapiga, nanyi mnakimbilia kivulini. Mimi sikimbii. Mbegu zenu hazinipi nafasi."

"Jua gani linachora watu?" Mfaume akaruka. "Huo ni ugonjwa! Umetoka mkononi, umeingia kwenye mbegu, umeingia mashambani! Jumbe, mwakani tutakula nini?"

"Tutakula nini?" watu wakaitikia. "Tutakula nini?"

Jumbe akajifuta jasho. Kisha akahukumu, ili kelele zikome. Bi Mwaija asiguse mbegu. Asiguse kamba ya kisima. Asiguse mtoto wa mtu. Mbegu zote zichaguliwe upya kwa mikono safi. Na siku ya kuzigawa, Bi Mwaija avushwe mto, akakae ng'ambo peke yake, kule kwenye viboko na mbu, mpaka Mungu amchukue.

"Na mikono safi tutaipata wapi?" mtu akauliza.

Wote wakageuka. Wakamtazama Kidawa.

Kidawa alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Mwaija. Wazazi wake walikufa akiwa mdogo, na shangazi huyo ndiye aliyemlea, akamwoza, akampokea tena alipofiwa na mumewe. Hakuwa msichana, wanawe walikuwa wameshaoa. Lakini kazi yake ilikuwa kusuka mikeka, akisukia ukumbini, basi mikono yake ilikuwa safi kabisa. Wakaishika. Wakaigeuza. Wakaisifu.

Kidawa alitaka kusema. Alitaka kusema, "Huyu amenilea, amenilisha kwa mikono hiyo, mbona mimi mzima?" Maneno yalifika kooni. Akawatazama watu, akamtazama Mfaume, akayameza. Bi Mwaija akamwekea ungo miguuni, akaenda zake.

Tangu siku ile Kidawa hakujua raha. Alichukua ungo, akakaa uwanjani. Akakaa. Akainuka. Akakaa tena. Akawaza: kama ni jua kweli, basi mimi hapa najichoma, nami nitatoka madoa, nami nitavushwa. Kama ni ugonjwa, basi ungo huu wenyewe umeshikwa naye. Akauosha ungo. Akauosha tena. Mwisho akauburuta mpaka ukumbini, akakaa kivulini, akachagua kwa ncha za vidole, upesi upesi, kama mtu anayeokota kaa la moto. Chwachwachwachwa.

Kila asubuhi Mfaume alipita.

"Hodi! Tuone mikono, Kidawa."

Kidawa anainyoosha.

"Safi. Endelea."

Akipita mke wa Jumbe: "Tuone mikono." Wakipita wanawake wa kisimani: "Tuone mikono." Waliitazama mbele, wakaitazama nyuma, wakaenda zao wameridhika. Kikapu kilikuwa palepale, mdomo wazi, na hakuna hata mmoja aliyetia mkono ndani.

Kidawa akawa anaitazama mwenyewe. Anaitazama kabla ya kula, anaitazama baada ya kula. Anakatiza mazungumzo na watu aitazame. Na mtu akitafuta sana, wanangu, hupata. Asubuhi moja, karibu na kidole gumba cha mkono wa kulia, akakiona. Kidoa. Kidogo, cha kahawia, cha mviringo.

Akakisugua kwa majivu. Kipo. Akakisugua kwa ndimu. Kipo. Akachukua mchanga wa mtoni, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ngozi ikachubuka na damu ikatoka. Akaosha damu. Kipo! Akapaka utomvu wa papai, ukamwunguza, akalia kama mtoto. Kisha akajifunga kitambaa mkononi, na Mfaume alipopita akamwambia, "Nimejikata na kisu." Mfaume akasita. Akatazama mkono mwingine. "Haya, endelea."

Mchana, watu walipokuwa wamejilaza kwa ajili ya joto, Kidawa akatoka kwa mlango wa nyuma. Akapita nyuma ya vibanda. Akasimama, akatazama nyuma, akaenda. Akafika kwa shangazi yake.

"Hodi."

"Usiingie, Kidawa. Nimekatazwa watu."

"Nimeshaingia, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Una nini, mbona unahema?"

Kidawa akafungua kitambaa. Bi Mwaija akaushika ule mkono, akausogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Akakiona kile kidoa katikati ya michubuko. Akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Karibu utu uzima, mwanangu!"

"Shangazi, usicheke! Watanivusha mto!"

"Na huku kwingine umefanya nini?"

"Majivu. Ndimu. Mchanga. Papai."

"Maskini mkono wa watu," Bi Mwaija akasema, akachukua mafuta ya nazi akampaka polepole. Kisha akashika bangili yake, ile pana ya shaba aliyovishwa siku ya harusi. Akaivuta. Haikutaka. Akaivuta tena, ikatoka. Chini yake palikuwa na ngozi laini, nyororo, isiyo na doa hata moja, na pembeni yake, huku na huku, madoa tele.

"Haya, niambie. Ugonjwa ungeomba ruhusa kwa bangili?"

Kidawa akatazama. Akapandisha shuka ya shangazi yake begani. Pale ilipoishia nguo ndipo yalipoishia madoa.

"Ni jua," akasema kwa sauti ndogo. "Ni jua tu. Sasa shangazi, kwa nini hukuwaonyesha barazani?"

"Mshitakiwa akijitetea, watu husema anahangaika," Bi Mwaija akajibu. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Neno hilo lilimchoma Kidawa kuliko ndimu. Akainamisha kichwa. Bi Mwaija akauliza, "Na mbegu zinaendeleaje?"

"Karibu nimalize."

"Karibu umalize? Upesi hivyo? Unakaa wapi?"

Kidawa akaanza kujifunga tena kitambaa.

"Kidawa. Unachagulia wapi?"

"Ukumbini."

Bi Mwaija akasimama. Yule aliyesikia hukumu yake bila kupepesa macho, sasa alipaza sauti. "Ukumbini! Kivulini! Wewe Kidawa wewe! Mimi wanivushe leo, nitakula samaki na majani ya mtoni, nitaishi. Hawa watoto wa watu mwakani watakula nini? Madoa kwenye mkono wangu hayajaua mtu. Madoa kwenye mbegu yatatumaliza! Toka, nenda, zipeleke juani ukazitazame!"

Kidawa alikimbia. Alifika kwake, akachota konzi kutoka kwenye kikapu alichokwisha kumaliza, akatoka uwanjani, akafungua kiganja juani. Lo! Tupu. Yenye doa. Tupu. Nzuri. Yenye doa. Yenye doa. Akatupa, akachota nyingine. Hivyo hivyo. Na hapo hapo, upande wa milimani, wingu likanguruma, na kutoka kwa Jumbe pembe ikalia. Puuu! Puuu! Mbegu zigawiwe, mvua inakuja.

Watu wakajaa uwanjani na vikapu vyao. Jumbe Mwinyikai akaja na mwavuli wake wa ukindu. Bi Mwaija akaletwa, furushi lake kichwani, na mtumbwi unamngoja mtoni. Kidawa akasimama mbele ya vikapu vya mbegu, mkono ndani ya kitambaa.

"Gawa, Kidawa," Jumbe akasema.

Mnajua alichowaza? Nitawaambia, maana hata ninyi mngewaza hivyo hivyo. Aliwaza: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Shangazi atavuka, mimi nitabaki na sifa zangu, na mpunga ukiugua tena watasema ni mkosi. Akashika kikapu. Akakiacha. Akakishika tena. Akamtazama shangazi yake, na shangazi yake alikuwa hatazami mtu, alikuwa anatazama wingu.

"Kwanza tuone mikono!" Mfaume akapaza sauti.

Basi hapo Kidawa akapasuka. Akatandika mkeka katikati ya jua kali, akainua kikapu, akakimwaga chote. Shwaaa!

"Mikono mmeiona kila siku!" akasema. "Asubuhi mikono, jioni mikono! Nani ameuliza mbegu? Njooni mtazame mbegu!"

Wakasogea. Bibi mmoja akainama, akaokota. "Hii tupu." Akaokota nyingine. "Hii ina doa." Mzee mmoja akaokota. "Na hii." Wakawa wanaokota na kutupa, wanaokota na kutupa, na nyuso zikibadilika.

"Nani amechagua takataka hizi?" mke wa Jumbe akauliza.

"Mimi. Kwa mikono ile ile mliyoisifu. Nilikaa kivulini kwa kuogopa madoa, na tazameni." Akafungua kitambaa. "Nami ninalo. Hili hapa. Nimelisugua mpaka damu na halitoki, kwa sababu si uchafu wala si ugonjwa. Ni jua na umri. Bi Mwaija aliwaambia, mimi nikajua ni mkweli, nikanyamaza."

Watu wakarudi nyuma. Mfaume akarusha mikono juu. "Amemwambukiza! Si niliwaambia? Amemwamb..." Akarusha mikono kwa nguvu mno, kofia ikamdondoka. Mfaume kofia aliivaa barazani tu. Shambani alilima kichwa wazi, na nywele zilikuwa zimeshamuaga siku nyingi. Jua likamulika upara ule. Watu wote waliokuwa nyuma yake wakanyoosha shingo. Kisha mmoja akaguna.

"Mfaume," mke wa Jumbe akasema, "na hicho kichwa?"

"Kichwa changu kina nini?"

"Kina madoa."

"Kina nini?" Akajishika. Akajipapasa. Vioo havikuwapo enzi hizo, na maji ya mto ule ni tope tupu. Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, kweli?"

"Tele," mkewe akasema. "Tangu zamani. Mimi nilidhani unajua."

Watu walicheka! Walicheka kwa kuona haya, walicheka kwa hofu iliyowatoka. Bi Mwaija hakucheka. Akatua furushi. Akavua bangili, akanyoosha mkono juani, wote wakaona pale palipofunikwa na pale pasipofunikwa. Basi wakaanza. Mwenye bangili akavua. Mwenye shuka akapandisha. Wazee wakatoa mikono waliyokuwa wameificha ndani ya nguo tangu siku ile ya baraza, na kumbe kila aliyelima kwa miaka mingi alikuwa nayo.

"Bi Mwaija," Jumbe akaanza, "tumekukosea, na mimi ndiye..."

"Baadaye, Jumbe. Wingu lile halingoji pole zako. Mbegu hizi hazipandiki." Akawatazama watu. "Kila mwenye doa na alete ungo wake. Akae hapa. Juani."

Wakakimbia. Wakarudi na nyungo. Uwanja ukajaa wazee, bega kwa bega, jua utosini. Jumbe akautupa mwavuli, akakaa. Mfaume naye akakaa, kofia kaikalia. Bi Mwaija akapita katikati yao, akiwafundisha, akiwagombeza. "Hiyo tupu, huoni? Hiyo ina doa, itoe, ichomwe. Na bonde hili limechoka, mwaka huu tupande upande wa juu." Chwa, chwa, chwa. Uwanja mzima. Chwa, chwa, chwa. Wingu lilikuja, likasita mlimani, likaja tena. Walipojaza kikapu cha mwisho ndipo tone la kwanza likaanguka.

Kidawa alikuwa amekaa pembeni ya shangazi yake muda wote huo, mkono unamwuma, hathubutu kuinua macho. Mwisho akasema, "Shangazi, nisamehe. Nilinyamaza wakakuhukumu."

Bi Mwaija akaendelea kuchagua. "Ulinyamaza," akasema. "Niliumia sana, Kidawa. Usiku nililia. Leo umesema." Kisha akamsukuma begani. "Sasa sogea huko, unanizibia jua."

Mpunga wa mwaka ule uliota. Madoa hayakwisha yote, nisiwadanganye, ila yalipungua, na watu walikula. Bi Mwaija aliishi akafa kwake, hakuvuka mto. Wanawake walipomwosha waligombea nani amshike mikono. Kidawa akachukua ungo, akakaa juani, na kila aliyepita alimwambia, "Tuone mbegu."

Nanyi mnaojificha mikono chini ya shuka, nimewaona. Mtu akiwa na alama mwilini, muulize kwanza amefanya kazi gani, ndipo umwogope. Na ukijua kuwa hana kosa, sema siku ile ile anapohukumiwa, usimwache akungoje.

Hadithi yangu imechoka kutembea, imekaa chini hapo hapo.